Kipuri Rahisi, Injini Ghali: Tahadhari kwa Mnunuzi wa Vipuri vya Mfumo wa Kupoza Injini

*Mada iliyowasilishwa mjini Iringa katika semina ya wamiliki wa magari, madereva, mafundi na wafanyabiashara wa vipuri, wakati wa maadhimisho ya Siku ya Haki za Mlaji Duniani*








Tarehe 15 Machi ya kila mwaka ni Siku ya Haki za Mlaji Duniani. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa kuwa siku kama hiyo, mwaka 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alipeleka ujumbe kwa Bunge la nchi yake akitaja haki nne za mlaji: haki ya usalama, haki ya kupewa taarifa, haki ya kuchagua na haki ya kusikilizwa. Haki hizo hubaki kuwa maneno ya kwenye karatasi mpaka ziteremshwe pale mtu anapotoa fedha yake mfukoni. Leo tumeamua kuziteremsha hadi kwenye kaunta ya duka la vipuri, na tena mbele ya vipuri vichache tu, vile vinavyoilinda injini isichemke.

Wengi kati yenu mliotoka pande za Morogoro mmepanda mlima Kitonga kuja hapa. Hatuna haja ya kuwasimulia mliyoyaona: gari limeegeshwa pembeni, boneti imeinuliwa, mvuke unatoka, dereva anazunguka na dumu la maji, na abiria wamekaa juu ya mawe wakitazama saa. Aghalabu mlima ndio hulaumiwa. Lakini mlima huo huo hupandwa kila siku na maelfu ya magari yasiyochemka. Mlima hufichua tu udhaifu uliokwisha kufungwa chini ya boneti siku nyingi kabla ya safari.

Neno letu la leo ni moja, nasi tungependa mwondoke nalo hata kama mtasahau mengine yote. Bei ya kipuri cha mfumo wa kupoza isilinganishwe tu na bei ya kipuri kingine kilichopo rafuni. Ilinganishwe na gharama ya kile ambacho kipuri hicho kimewekwa kukilinda.

Joto linakwenda wapi

Mafuta yanapoungua ndani ya silinda, joto la gesi hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi kwa nukta moja ya wakati. Alumini, ambayo ndiyo imetengenezewa vichwa vya silinda vya magari mengi ya leo, huyeyuka kwenye nyuzi 660. Injini haiyeyuki kwa sababu joto huondolewa bila kukoma. Kwa makadirio ya jumla, theluthi moja ya nishati ya mafuta huwa kazi ya kulisukuma gari, theluthi hutoka kwa njia ya ekzosi, na theluthi iliyobaki hupaswa kuchukuliwa na mfumo wa kupoza na kutupwa hewani.

Kazi hiyo hufanywa na vitu vichache vinavyotegemeana. Pampu huyasukuma maji yapite ndani ya injini. Thamostati huamua lini yaruhusiwe kwenda kwenye rejeta. Rejeta huyapoza kwa hewa inayopita. Feni huvuta hewa hiyo wakati gari limesimama au linatembea polepole. Mipira huyapeleka na kuyarudisha. Kifuniko hulinda mgandamizo. Kulanti, yaani kiowevu cha kupozea, huchukua joto na kuzuia kutu. Kimoja kikishindwa, vingine vyote, hata viwe bora namna gani, havina msaada.

Kiungo cha kwanza kuumia ni kichwa cha silinda. Alumini hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya chuma cha kalibu. Injini ikipata joto kupita kiasi, kichwa hupinda, gasketi iliyo kati yake na bloku huachia, maji huingia kwenye oili au kwenye silinda, na gari lililokuwa na hitilafu ya kipuri kimoja kidogo linakuwa na hitilafu ya injini nzima.

Rahisi si lazima kiwe bandia

Kabla ya kuendelea, tutenganishe mambo ambayo mazungumzo ya mitaani huyachanganya. Katika maduka yetu kuna makundi manne ya vipuri.

Kundi la kwanza ni vipuri halisi, vinavyouzwa katika boksi lenye jina la kampuni iliyounda gari. Kundi la pili ni vipuri vya watengenezaji wengine wenye majina yao wenyewe. Baadhi yao ndio hao hao wanaoviuzia viwanda vya magari. Hivyo kipuri chao kinaweza kuwa na ubora ule ule kwa bei ya chini. Kundi la tatu ni vipuri visivyo na jina linaloweza kufuatiliwa: boksi jeupe, au jina lisilojulikana lilikotoka, bila anwani ya mtengenezaji. Kundi la nne ni vipuri bandia, yaani vilivyovishwa jina na alama ya kampuni nyingine ili kumdanganya mnunuzi. Pembeni ya makundi hayo kuna vipuri vya mtumba, vilivyotolewa kwenye magari mengine.

Hatusemi kwamba kila kilicho rahisi ni kibaya. Tukisema hivyo tutakuwa tunamtuma mwananchi mwenye kipato kidogo akanunue asichokimudu, nasi tutakuwa tumemwonea. Kundi la pili limewasaidia wengi. Wala hatusemi kwamba bei kubwa ni ushahidi wa ubora, kwa maana mwenye kuuza bandia hupenda sana kuuza kwa bei ya halisi. Tunachosema ni kwamba katika kundi la tatu na la nne hakuna anayewajibika. Kipuri kikifa, hakuna jina la kuliita.

Kipuri kimoja baada ya kingine

*Kifuniko cha rejeta.* Tunaanza na hiki kwa sababu ndicho kidogo kuliko vyote na ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote. Hapa Iringa, kwa sababu ya mwinuko, maji katika sufuria iliyo wazi huchemka yakifika takriban nyuzi 95, wala hayasubiri 100 kama kule pwani. Kifuniko chenye springi sahihi hufungia mgandamizo ndani ya mfumo na kuisogeza nukta ya kuchemka mpaka karibu na nyuzi 120. Juu ya kifuniko huandikwa namba, kwa mfano 0.9 au 1.1, inayoonesha mgandamizo huo. Kifuniko cha hovyo huweza kubeba namba hiyo huku springi yake ikiwa dhaifu. Maji hutoroka mapema, na injini huchemka ilhali rejeta na pampu ni nzima. Springi ikiwa ngumu kupita kiasi, mgandamizo hutafuta pa kutokea kwa kupasua mpira au tangi la rejeta. Usiweke kifuniko chenye namba tofauti na ile iliyoelekezwa kwa gari lako, kiwe rahisi au ghali.

*Thamostati.* Ndani yake kuna nta inayotanuka kwa joto na kufungua mlango wa maji. Thamostati mbovu ikikwama imefungwa, injini huchemka katika dakika chache. Kwa kuogopa hilo, mafundi wengi huitoa kabisa na kumwambia mwenye gari kwamba nchi yetu ni ya joto, haihitaji kifaa hicho. Ushauri huo tunauomba uachwe. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta mengi na kuchakaa upesi. Zaidi ya hayo, katika injini nyingi thamostati ndiyo pia inayofunga njia ya mchepuko. Ikitolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari huweza kuchemka mlimani kwa sababu ya dawa iliyokusudiwa kulizuia lisichemke. Kuna namna nyepesi ya kuijaribu kabla haijafungwa. Itumbukizeni katika sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, muitazame inafunguka kwenye nyuzi ngapi. Namba, mara nyingi 82 au zaidi, imepigwa mhuri juu yake. Isiyofunguka sufuriani haitafunguka Kitonga.

*Rejeta.* Rejeta mbili zinaweza kulingana kwa urefu, upana na matundu ya boliti, na bado moja ikawa na nguvu ndogo. Tofauti iko katika unene wa kiini, idadi ya mirija na msongamano wa mapezi yanayotupa joto. Kiini cha milimita 16 hakifanyi kazi ya kiini cha milimita 26. Njooni dukani na rejeta ya zamani, mpime unene, mhesabu mirija, muweke zote mbili kwenye mizani. Iliyo nyepesi sana imepunguzwa kitu. Tazameni pia matangi ya plastiki na mahali yanapobanwa kwenye alumini, maana hapo ndipo rejeta duni huvuja kwanza.

Wenye magari ya otomatiki tunawaomba wasikilize kwa makini zaidi. Katika magari mengi ya aina hiyo, oili ya giaboksi nayo hupozwa ndani ya tangi la rejeta, kwa kifaa kidogo kilichozungukwa na maji. Kifaa hicho kikipasuka kwa uduni wake, maji na oili huchanganyika, na giaboksi huharibika. Hapo aliyenunua rejeta rahisi hununua na giaboksi.

*Pampu ya maji.* Ubora wake umejificha: beringi, sili na panga la kusukuma maji. Katika pampu duni, panga huweza kuwa la bati jembamba au la plastiki laini, tena huweza kuteleza kwenye ekseli yake, ekseli ikizunguka lakini maji yakabaki yamesimama. Ishikeni ekseli kwa vidole muijaribu kuitikisa. Isiwe na mchezo. Izungusheni; isikwaruze. Katika injini ambazo pampu huzungushwa na mkanda wa taimingi, beringi ikikwama mkanda huweza kukatika au kuruka meno, na katika baadhi ya injini hizo valvu hugongana na pistoni. Kwa injini kama hizo, kubana fedha kwenye pampu ni kucheza kamari.

*Mipira na vibanio.* Mpira mzuri una nyuzi za kitambaa katikati ya ukuta wake. Tazameni ncha iliyokatwa. Mkiona mpira mtupu bila nyuzi, uacheni hapo hapo. Usiokuwa na nyuzi huvimba kwa joto kisha hupasuka. Mpira wa chini, unaovuta maji kuelekea kwenye pampu, ukiwa laini mno huweza kujibana wenyewe na kuzuia maji. Kibanio chenye meno makali na bati jembamba hukata mpira kinapokazwa.

*Feni.* Feni hafifu haijulikani barabara kuu, kwa kuwa mwendo wa gari huleta hewa ya kutosha. Hujulikana katika foleni. Ndiyo maana tunasema: gari linalochemka likiwa kwenye foleni na kupoa likikimbia, litazamwe feni kwanza, gari linalochemka likipanda mlima au likiwa na mzigo, itazamwe rejeta, pampu na kifuniko.

*Kulanti.* Rangi si ubora. Kijani, nyekundu au buluu ni rangi tu, na maji yaliyotiwa rangi yanaweza kuuzwa katika chupa ya kupendeza. Kulanti ya kweli ina glikoli na viambata vya kuzuia kutu. Ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi huinua nukta ya kuchemka na kuilinda alumini. Maji ya kisima yenye chumvi huacha magadi ndani ya mirija, na magadi huzuia joto lisitoke. Someni chupa: imetengenezwa na nani, wapi, ni ya kuchanganywa au iko tayari kutumika. Vilevile kumbukeni kwamba glikoli ni sumu na ladha yake ni tamu. Isihifadhiwe katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, na inayomwagika chini isafishwe ili watoto na mifugo wasiilambe.

Unga na dawa za kuziba matundu ya rejeta tunazitaja ili kuwatahadharisha. Haziwezi kuchagua kati ya tundu la kuvuja na mrija wa kupitisha maji. Huenda zikamfikisha dereva kwenye gereji, lakini zisihesabiwe kuwa matengenezo.

Hesabu ya kipuri rahisi

Tuchukue mfano. Takwimu ni zetu kwa ajili ya kufundishia. Kila mmoja aweke bei za mahali pake. Mwenye gari dogo la abiria anahitaji pampu. Dukani iko ya Sh. 45,000 isiyo na jina, na iko ya Sh. 130,000 ya mtengenezaji anayejulikana. Anachukua ya kwanza na kuokoa Sh. 85,000.

Baada ya miezi michache, gari likipanda mlima na abiria, panga la pampu linaachia. Dereva anaona mshale wa joto umepanda, lakini anajiambia kwamba kilele hakiko mbali. Gharama ni hizi: kulikokota gari Sh. 250,000, kunyoosha kichwa cha silinda, gasketi, boliti, oili na ufundi Sh. 900,000, hesabu ya siku 8 ambazo gari halikufanya kazi, kwa Sh. 50,000 kila siku, Sh. 400,000. Jumla ni Sh. 1,550,000. Kile kilichookolewa kimelipwa zaidi ya mara 18, na bado pampu mpya haijanunuliwa.

Wahenga walisema rahisi ghali. Lakini katika mfano huu kuna jambo ambalo methali haikulisema, nalo ni kwamba anayeokoa si lazima awe ndiye anayelipa. Tajiri ndiye aliyeokoa Sh. 85,000. Dereva amekaa siku 8 bila posho, na huenda akaambiwa kosa ni lake kwa kutosimama mapema. Abiria aliyekuwa akienda hospitali amelala njiani. Kwa hiyo uchaguzi wa kipuri si siri ya mwenye gari peke yake.

Tunashauri, basi, kwamba mwenye fedha haba ajiulize swali moja kabla ya kuchagua: hiki kikifa ghafla, kinakufa na nini? Taa ya ndani ya gari ikifa, inakufa peke yake. Hapo nunua cha bei unayoiweza. Pampu, thamostati, kifuniko, rejeta na mpira vikifa, vinakwenda na injini. Hapo ndipo fedha haba ipelekwe.

Mbele ya kaunta

Mnunuzi afanye mambo yafuatayo, na asione haya kuyafanya.

Kwanza, aende na kipuri cha zamani na namba ya chesisi ya gari. Miundo miwili ya gari la jina moja hutofautiana, na kipuri kizuri kisicho cha gari lako ni sawa na kibaya.

Pili, alinganishe kwa macho, kwa mikono na kwa mizani. Atazame maandishi ya boksi: herufi zilizokosewa, chapa iliyofifia, namba ya kipuri isiyolingana na iliyopigwa juu ya kipuri chenyewe. Mwenye kughushi hujitahidi kwenye boksi kuliko kwenye beringi.

Tatu, amwulize muuzaji swali la wazi: hiki ni halisi, ni cha mtengenezaji mwingine, au hakijulikani? Muuzaji mwaminifu hulijibu bila kukasirika.

Nne, adai risiti ya mashine ya kielektroniki, na aombe iandikwe jina la kipuri, jina la mtengenezaji na namba yake. Risiti iliyoandikwa "vipuri" peke yake haimsaidii mtu siku ya malalamiko.

Tano, atunze boksi na kipuri kilichoharibika. Wengi hutufikia na maelezo mazuri lakini mikono mitupu, kwa kuwa kipuri kimekwisha kuuzwa kama chuma chakavu.

Kwa mafundi na wafanyabiashara

Ndugu zetu mafundi, tunajua hali yenu. Mwenye gari hukuambieni mtafute cha bei nafuu, kisha kikifa huwalaumu ninyi. Tunawashauri mumwoneshe vipuri viwili, mumweleze tofauti, na akichagua kile msichokiamini, mkiandike hivyo katika karatasi ya kazi. Lakini pia tuambiane ukweli wa upande wa pili. Fundi anapotumwa dukani na kurudi na bei iliyoongezwa cha juu, kisha ndani ya boksi mna kipuri cha daraja la chini, huo si utafutaji riziki. Ni udanganyifu dhidi ya mtu aliyekupa funguo za gari lake. Njia ya kuliondoa shaka hilo ni nyepesi: mwenye gari na fundi waende dukani pamoja, na ujira wa fundi utajwe waziwazi.

Ndugu wafanyabiashara, wengi wenu mnauza bidhaa bila kufungua boksi wala kujua kilichomo. Waulizeni wanaowaletea mzigo maswali yale yale tunayowafundisha wateja wenu. Anayeuza rejeta huyo huyo kwa mtu mmoja kwa miaka 20 ameshinda anayemuuzia mara moja.

Gari likichemka njiani

Kwa kuwa usalama ni haki ya kwanza, tuseme na hili. Mshale ukipanda, zima kiyoyozi, tafuta mahali salama, simama na uzime injini. Usisubiri kilele. Mshale ukipanda kisha ukaanguka ghafla, usifurahi. Huenda maji yamekwisha na kipimo kinagusa hewa tupu. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto hata kidogo. Maji yaliyo ndani yamepita nyuzi 100 na yamezuiwa na mgandamizo tu. Kikifunguka yanageuka mvuke papo hapo na kuruka usoni. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu uweze kushikwa kwa mkono bila kuunguza. Ndipo ufungue taratibu kwa kitambaa kinene, uso ukiwa pembeni. Usimwagie injini ya moto maji ya baridi, kwani chuma kinachopozwa ghafla hupasuka. Abiria wakae mbali na barabara.

Haki zenu

Mnunuzi si mtu wa kuhurumiwa. Ni mtu mwenye haki. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka sharti kwamba, katika mazingira iliyoyataja, bidhaa iliyouzwa iwe ya ubora unaofaa kuuzika na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Ndiyo maana tunawahimiza mueleze gari ni la aina gani na kipuri ni cha kazi gani kabla ya kulipa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza vitendo vya kupotosha katika biashara. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inafanya kuwa kosa kuuza bidhaa yenye alama ya uongo. Tangazo la ukutani lisemalo "mali ikiuzwa hairudishwi" halina uwezo wa kugeuza kipuri bandia kuwa halisi.

Ukiona umeuziwa kipuri bandia au kibovu, rudi kwanza kwa muuzaji na risiti, boksi na kipuri. Wengi humaliza jambo hapo kwa maelewano. Isipowezekana, peleka malalamiko kwa maandishi. Kuhusu bidhaa bandia na udanganyifu katika biashara, mahali pake ni Tume ya Ushindani. Kuhusu ubora usiofikia viwango, ni Shirika la Viwango Tanzania. Usinyamaze kwa kuona kwamba fedha iliyopotea ni ndogo. Kipuri kile kile ulichouziwa wewe kimebaki rafuni kikimsubiri mwingine, na huyo mwingine huenda ndiye anayekuendesha wewe kesho.

Ndugu Mwenyekiti, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika gari, ufa ni kifuniko kisichoshika, ni mpira usio na nyuzi, ni thamostati iliyotolewa na kutupwa. Ukuta ni injini. Tunawaomba mtakaporejea nyumbani, kabla ya safari inayofuata na injini ikiwa ya baridi, mfungue boneti na kusoma namba iliyo juu ya kifuniko cha rejeta. Kisha mjiulize kilinunuliwa wapi, kwa nani, na risiti yake iko wapi. Mkiyapata majibu, semina hii itakuwa imezaa matunda. Mkiyakosa, mtakuwa mmejua pa kuanzia.